Kubadilisha Rejeta ya Gari Nyumbani: Migori na Homa Bay

Rejeta hupoza maji yanayozunguka ndani ya injini ya gari. Petroli inapowaka ndani ya silinda, sehemu yake tu hugeuka mwendo. Sehemu kubwa hutoka na moshi, na takriban theluthi moja huingia kwenye vyuma vya injini ikiwa joto. Joto hilo ndilo mzigo wa rejeta. Maji ya moto huingia kupitia mpira wa juu, hupita katika mirija myembamba iliyozungukwa na mapezi ya bati jepesi, upepo hupenya katikati, kisha maji hurudi injini kupitia mpira wa chini yakiwa yamepungua joto. Kuibadilisha rejeta ya gari dogo ni kazi inayowezekana uani, kwa spana chache na subira. Ugumu wake haumo katika bolti. Umo katika kujua kwa hakika kwamba rejeta ndiyo mgonjwa, na baadaye katika kuujaza mfumo mzima upya bila kuacha hewa ndani.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay kifaa hiki hutaabika kuliko wengi wanavyodhani. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na miji iliyo kando yake, Homa Bay, Mbita, Kendu Bay, Sori, ina jua kali la mchana. Kutoka ziwani karibu kila njia ni ya kupanda. Gari linalotoka Homa Bay hukwea hadi Rodi Kopany kabla ya kuifikia Rongo. Linalotoka Kendu Bay hupanda kwenda Oyugis. Na linaloshika barabara kuu ya A1 kutoka Migori hadi Kisii humaliza safari juu ya mita 1,600, mara nyingi baada ya kutambaa nyuma ya matrekta ya miwa karibu na Awendo. Mwendo wa kutambaa ni mbaya kwa rejeta, maana upepo wa safari haupo na feni imeachiwa kazi yote. Ongeza Probox iliyobeba abiria kupita viti vyake, jambo la kila siku katika barabara hizo, na injini inakuwa imeombwa kutoa nguvu nyingi pale inapopata upepo haba.

Halafu kuna uchafu. Vumbi la murram na makapi ya miwa hujishindilia kwenye mapezi. Ziwani hutokea makundi ya vijidudu yanayopaa juu ya maji mithili ya moshi, na gari likipita Mbita au Sindo jioni ya namna hiyo, grili huzibwa na maelfu ya vidudu vilivyokufa. Rejeta nyingi zinazosemekana zimeharibika zimezibwa tu kwa nje. Maji ya bomba yenye msukumo mdogo, yakipigwa kutoka upande wa injini kuelekea nje, huziponya. Mashine ya kuoshea gari yenye nguvu ikisogezwa karibu hukunja mapezi yote, na hapo uharibifu wa kweli huanza.

Mwinuko una athari nyingine ambayo haionekani. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Homa Bay huchemka kwenye 96 hivi, na Kisii chini ya 95, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi zaidi. Feni ya umeme katika magari mengi ya Kijapani huanza kuzunguka maji yanapofika nyuzi 93 au zaidi kidogo. Kama mfumo ungekuwa wazi, maji yangekuwa yanakaribia kuchemka feni inapoamka. Kinachozuia hilo ni kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi na mpira, na juu pameandikwa 0.9 au 1.1, yaani kiasi cha shinikizo kinachozuiliwa, kwa kipimo cha bar. Kwa kifuniko kizima cha 0.9, hata maji matupu yakiwa Homa Bay hayachemki mpaka yafike nyuzi 116 hivi. Springi ikilegea au mpira ukikauka, akiba hiyo yote ya nyuzi 20 hupotea, na gari huchemka huku rejeta ikiwa haina kasoro. Kifuniko ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa katika mfumo huo, kwa hiyo uchunguzi wenye busara huanzia hapo.

Rejeta za zamani zilikuwa za shaba. Ile iliyoweka msingi wa umbo la leo ilibuniwa na Wilhelm Maybach mwaka 1900 kwa ajili ya gari la Mercedes, nayo ilikuwa na vijirija 8,070 vilivyopangwa bega kwa bega. Shaba ilikuwa na sifa moja kubwa: ilitengenezeka. Fundi wa jua kali aliweza kuyafungua matangi, kuipitisha ncha ya chuma ndani ya kila mrija kuung'oa ugando, kisha kulehemu upya. Matrekta na malori makuukuu ya eneo hili bado yana rejeta za aina hiyo, na kuzitupa ni hasara. Mahali pake ni kwa fundi wa kulehemu. Gari la leo lina mirija ya aluminiamu na matangi ya plastiki, na aluminiamu haikubali lehemu ya kawaida. Gundi inayopakwa juu ya ufa hushika siku kadhaa, kisha joto na shinikizo huing'oa, mara nyingi gari likiwa kilimani. Unga wa kuziba unaomwagwa ndani ni mbaya zaidi, kwa kuwa hauchagui tundu: huziba pia mirija mizima na rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi.

Plastiki hiyo huzeeka hata kwenye gari linalotunzwa. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi hushuka Mombasa yakiwa yamekaribia umri huo. Gari linaloitwa jipya huko Rongo au Ndhiwa kwa hiyo lina rejeta iliyokwisha kupashwa moto na kupoa maelfu ya mara huko Japani. Alama zake husomeka kwa macho. Tangi jeusi hugeuka kahawia, hasa kuzunguka shingo inayoshika mpira wa juu, na plastiki ya hapo hupata nyufa nyembamba zinazoonekana mwanga ukiangazwa ubavuni. Pale tangi linapokutana na aluminiamu pana meno madogo ya chuma yaliyokunjwa kulishika. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea kinachochanganywa na maji ya rejeta, ikipenya kati ya meno hayo hukaushwa na joto na kuacha mstari mweupe, wa kijani au wa waridi unaoshuka kwenye kona ya tangi. Mstari huo ukionekana, na ukirudi baada ya kufutwa, rejeta imefika mwisho.

Kabla ya kununua nyingine, washukiwa wengine huondolewa mmoja mmoja. Feni lazima izunguke gari likiwa limesimama na injini imepata moto. Mipira hukandwa kwa vidole ikiwa baridi. Iliyolainika mno au kupasuka juujuu hubadilishwa. Pampu ya maji inayovuja huacha alama chini ya kapi yake. Kesi nzito ni ya gasketi ya hedi. Injini ikiwa baridi kabisa, kifuniko hufunguliwa na injini kuwashwa: viputo vinavyotoka mfululizo bila kukoma, moshi mweupe usioisha nyuma, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, vyote vinasema moshi wa silinda na maji vimekutana. Rejeta mpya haitatibu ugonjwa huo, na fedha zake zingefaa kwenda kwa fundi wa injini.

Duka la spea halitosheki na jina la gari. Huhitajika namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha chesi, ukubwa wa injini, na aina ya giaboksi. Rejeta ya gari la otomatiki mara nyingi ina mirija miwili ya ziada kwenye tangi la chini, ya kupoza oili ya giaboksi. Ya gari la gia za mkono haina. Spea nyingi za Migori na Homa Bay hutumwa kwa basi kutoka Kisumu au kutoka maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na kurudisha kilichokosewa hula siku kadhaa, kwa hiyo picha ya rejeta ya zamani ikionyesha shingo, mirija na masikio ya kufungia ni msaada mkubwa. Rejeta iliyokwisha tumika Japani huvutia kwa bei, lakini plastiki yake ina umri uleule wa ile inayotolewa. Kwa mwenye gari la kazi, mpya isiyo na jina kubwa ina nafasi nzuri zaidi ya kudumu kuliko ya asili iliyochoka. Pamoja nayo hununuliwa kifuniko kipya, kulanti, maji yaliyotoneshwa, na klipu mbili au nne za mipira. Maji yaliyotoneshwa huuzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Muuzaji aulizwe waziwazi, kwa kuwa asidi ya betri nayo hukaa kwenye rafu hiyohiyo.

Kazi huanza injini ikiwa imelala usiku kucha. Hili halina mjadala. Maji yaliyofungiwa kwenye nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo kifuniko kinapofunguliwa, na mvuke huo huunguza uso na mikono kwa namna isiyosahaulika. Gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono hukazwa, magurudumu huwekewa mawe, na waya wa hasi wa betri hufunguliwa, maana katika baadhi ya magari feni huweza kuzunguka hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ikibidi kuingia chini kuondoa kinga ya plastiki, gari huegemezwa kwenye stendi imara. Jeki peke yake haiaminiki, na mawe yaliyopangwa hayaaminiki hata kidogo.

Kulanti humwagwa kupitia kizibo kilicho chini ya rejeta hadi kwenye beseni pana. Hapa uangalifu unahusu familia na mifugo kuliko gari. Kulanti ya kawaida ina ethilini glaikoli, kimiminika chenye ladha tamu ambacho mwili hukigeuza kuwa asidi inayoharibu figo. Kiasi cha mililita 100 kinaweza kumwua mtu mzima, na kidogo zaidi kinatosha kwa mtoto au mbwa. Katika boma lenye kuku, mbuzi na watoto, beseni haliachwi hata dakika moja bila mtu. Kulanti iliyotoka hutiwa kwenye mtungi wenye kifuniko na maandishi, kamwe si chupa ya soda, na hupelekwa garaji inayokusanya taka za oili na kulanti. Kuimwaga kwenye mfereji unaoelekea ziwani ni kuwapelekea sumu watu wanaochota maji hayohayo.

Vifuniko vya plastiki vya juu hutolewa, kisha mrija mwembamba wa tangi la akiba, kisha mpira wa juu. Wa chini ndio msumbufu. Ukikaa miaka mingi hugandamana na shingo, na anayeuchokonoa kwa bisibisi huishia kuvunja plastiki au kuutoboa mpira. Njia sahihi ni kurudisha klipu nyuma, kuushika mpira kwa koleo kubwa iliyofungwa kitambaa, na kuuzungusha kidogo kushoto na kulia hadi usikike ukiachia, ndipo huvutwa. Mirija ya oili ya giaboksi, ikiwapo, huzibwa upesi kwa vizibo safi ili vumbi lisiingie, kwa kuwa chembe za mchanga ndani ya giaboksi huleta gharama kubwa kuliko rejeta kumi. Plagi ya umeme ya feni hubonyezwa kikufuli chake na kuvutwa, feni na fremu yake hufunguliwa, kwa kawaida kwa spana namba 10, kisha huinuliwa kwanza ili kutoa nafasi.

Mbele ya rejeta hukaa kondensa ya hewa baridi. Katika magari mengine imefungwa kwenye fremu ya gari, katika mengine kwenye rejeta yenyewe. Mabomba yake yana gesi yenye shinikizo na hayafunguliwi nyumbani kwa vyovyote. Kondensa hufungwa kwa kamba kwenye fremu ya boneti ili isining'inie kwa mabomba. Baada ya hapo vishikizo viwili vya juu hufunguliwa na rejeta huinuliwa wima. Chini imekaa kwenye vikombe viwili vya mpira, navyo huangaliwa visipotee, kwani rejeta iliyokalia chuma kitupu hutikiswa na barabara mbovu hadi ipasuke. Nafasi ikiwa wazi hivyo, ndio wakati wa kuisafisha kondensa vijidudu na vumbi la miaka yote.

Ya zamani na mpya huwekwa kando kwa kando na kulinganishwa: shingo, masikio, mirija, kimo. Kasoro igunduliwe sasa, kabla ya tone la kulanti kuingia. Kuifunga ni kuzirudia hatua zilezile kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa mkono mwepesi. Bolti zinazoingia kwenye plastiki hukazwa hadi zishike, basi. Nguvu zaidi ya hapo huvunja sikio la rejeta mpya siku ya kwanza.

Katika hatua hii hutolewa ushauri mmoja uliozoeleka kwenye garaji nyingi: themostati iondolewe, kwa kuwa nchi ni ya joto. Huo ni ushauri mbaya na umeharibu injini nyingi. Themostati ni mlango unaofungwa injini ikiwa baridi na kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Bila huo, injini huchelewa kupata moto wake wa kazi, hula mafuta zaidi na vyuma husagika. Katika baadhi ya injini hali ni mbaya zaidi, kwani themostati pia huziba njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kuipitia rejeta, na gari lililokusudiwa kupozwa huchemka kilimani. Themostati iliyokwama hubadilishwa kwa nyingine, na kipindi kizuri cha kufanya hivyo ni sasa, mfumo ukiwa mtupu.

Kinachojazwa ni kulanti na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, isipokuwa chupa imeandikwa kwamba kulanti imechanganywa tayari. Wapo wanaouliza kulanti ya nini mahali ambapo barafu haijawahi kuonekana. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu, kulainisha pampu ya maji, na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yana chokaa inayoganda ndani ya mirija. Ya ziwa yana tope na mimea midogo. Karibu na Homa Hills, penye chemchemi za maji moto, na kwenye ziwa la magadi la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, maji yana chumvi za kutosha kuila aluminiamu. Gari likikwama njiani, maji yoyote safi ni afadhali kuliko injini kavu, na ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa ni bora kuliko ya kisima. Lakini hutolewa mara safari inapokwisha. Kulanti za aina mbili hazichanganywi, hata rangi zikifanana, kwa maana rangi huchaguliwa na kiwanda na haielezi kilichomo. Baadhi zikikutana huganda na kuwa uteute unaoziba mirija.

Kujaza hufanywa polepole, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo ili hewa ipande kuelekea kifuniko. Hita huwekwa kwenye joto la mwisho, ili maji yafike huko pia. Mipira hukamuliwa kwa mkono, viputo hutoka, kulanti huongezwa. Waya wa betri hurudishwa, injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi na kuachwa ikinguruma taratibu. Usawa wa kulanti utashuka ghafla themostati inapofunguka; huongezwa tena. Mipira yote miwili ikiwa moto, hita ikipuliza joto, viputo vikiisha, injini huzimwa na kifuniko hufungwa kabla kulanti haijaanza kufurika. Kisha injini huwashwa tena hadi feni izunguke na kusimama mara mbili. Hita inayopuliza baridi huku injini ikiwa moto ni dalili ya hewa iliyonaswa, na kazi haijaisha. Tangi la akiba hujazwa kati ya alama mbili. Kwenye gari la otomatiki lenye mirija ya oili kwenye rejeta, oili ya giaboksi nayo hupimwa.

Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, kifuniko hufunguliwa tena, na kwa kawaida kulanti itakuwa imepungua kidogo. Safari ya kwanza huwa fupi na ya kupanda, mathalani Homa Bay hadi Rodi Kopany, jicho likiwa kwenye geji. Vitz, Demio na Note nyingi hazina geji, zina taa ya buluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka hedi ya aluminiamu tayari iko hatarini. Gari husimamishwa mara moja, injini huzimwa, na hakuna maji baridi yanayomwagwa juu ya chuma cha moto, kwani hupasuka.

Yapo magari yasiyofaa kwa kazi ya uani. Hiace ya matatu ina injini chini ya viti vya mbele na mabomba marefu ya maji ambayo kuyatoa hewa kunataka uzoefu. Gari la haibridi kama Aqua lina mzunguko wa pili wa kupoza vifaa vya umeme mkubwa, na nyaya zake za rangi ya chungwa haziguswi na asiyefunzwa.

Rejeta iliyotolewa ina thamani ya chuma chakavu, ya shaba zaidi kuliko ya aluminiamu. Biashara ya chuma chakavu ilipigwa marufuku Kenya Januari 2022 baada ya hujuma dhidi ya miundombinu ya umeme, na marufuku yakaondolewa Mei mwaka huohuo. Sheria ya chuma chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni na aweke kumbukumbu za muuzaji. Kabla ya kuuzwa hukamuliwa kulanti yote iliyobaki ndani, nayo huunganishwa na ile iliyo kwenye mtungi.